Miezi miwili tu: Pandora, bei yake na foleni yake

Kuna dogo mmoja mtaani kanitumia picha ya kikompyuta cha mkononi, kile cha kufunguka kama kitabu, kibodi chini skrini juu, ndani Linux (mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta), halafu akauliza swali moja tu, "bro mbona bei hivi, laki saba?" Na kwenye tangazo lenyewe imeandikwa lipa sasa mzigo utakuja baadae, baadae lini hawasemi. Akaongeza kwamba kwa hela hiyo hiyo anapata PS4 ya mtumba na chenji inabaki. Hesabu yake sio mbaya. Ila nikaona jibu la WhatsApp halitatosha, acha niandike huku, maana mambo haya nayafuatilia toka 2008 enzi za Pandora, kikompyuta cha Linux cha aina hii hii, na karibu kila unachotaka kujua kuhusu bei ya mashine zinazotengenezwa chache chache kimo kwenye kisa cha mashine ile moja.

Nianze na msimamo wangu kabisa ili asiyekubali aanze kukunja ngumi mapema: Pandora haikuwa ghali. Ilikuwa rahisi mno. Ndio maana watu walisubiri vile.

Kwa asiyeijua. Kulikuwa na kampuni ya Korea, GamePark Holdings, mwaka 2005 ikatoa geimu ya mkononi inaitwa GP2X, ndani inaendesha Linux, na mtu yeyote anaweza kuiandikia programu akaiweka kwenye kadi ya SD akacheza bila kuomba ruhusa kwa mtu. Haikuwa maarufu kama Nintendo wala PSP ila waliokuwa nayo walikuwa wamelogwa nayo, wanaandika emuleta (programu za kuigiza mashine nyingine za geimu) usiku kucha, wanagawana bure. Wakawa pia wanajua kila udhaifu wake. Ikafika mahali wakasema hawa jamaa wa Korea hawatusikii, kwanini tusitengeneze wenyewe ile tunayoitaka. Hiyo ndiyo ikawa Pandora. Wakajitokeza Craig Rothwell wa Uingereza aliyekuwa anauza vifaa hivi, Michael Mrozek wa Ujerumani ambaye wengi wanamjua kwa jina la EvilDragon, na Michael Weston wa Canada aliyechora bodi ya saketi ya ndani, na wenzao. Hakuna mwenye kiwanda hapo. Hakuna benki nyuma yao wala mwekezaji wa kuwashika mkono.

Walichoahidi kwa mwaka 2008 kilikuwa kinatia wazimu. Chipu ya Texas Instruments OMAP3530 ya 600 MHz, RAM 256 MB, hifadhi ya ndani 512 MB, skrini ya kugusa ya inchi 4.3 yenye 800 kwa 480, kibodi kamili ya herufi zote, matundu mawili ya kadi za SD, wifi, betri ya kuchomoa inayokaa masaa kumi na kitu, na katikati ya vile vitufe vidude viwili vya kuelekezea kwa dole gumba, wenyewe wanaviita nub. Kumbuka iPhone ya wakati ule haikuwa hata na kukopi na kupesti. Na hiki kinaingia mfukoni, kama mfuko wako ni wa jinzi pana, maana unene wake ni karibu sentimita 3, usidanganywe na picha.

Bei: dola 330. Oda zikafunguliwa tarehe 30 Septemba 2008, kundi la kwanza mashine 4,000, unalipa yote mwanzoni.

Mimi nilikuwa Dar na sikuwa hata kwenye foleni. Dola 330 kwa wakati ule ilikuwa karibu laki nne, na hata kama ningekuwa nayo ningelipaje, kadi ya kulipia mtandaoni sikuwa nayo, M-Pesa ndio kwanza imeingia Tanzania mwaka huo huo na ilikuwa ya kumtumia bibi hela kijijini, sio ya kununua mashine Uingereza. Kwahiyo nilikuwa mtazamaji. Nilikuwa naenda intaneti kafe, nalipia saa, nafungua picha ya bodi ya kijani, halafu nakaa naangalia inavyoshuka mstari kwa mstari kama pazia, kwa sababu mkonga wa baharini wa SEACOM ulikuja kuwashwa Julai 2009, kabla ya hapo mtandao wetu wengi ulikuwa wa setelaiti na picha moja kubwa ilikuwa inakula dakika za kutosha. Unaweza kusema nilikuwa nasubiri ndani ya kusubiri. Ila faida yake ni kwamba mtazamaji anaona mchezo mzima kuliko mchezaji, na sina hela yangu mle ndani ya kunipandisha presha.

Sasa walioweka hela waliambiwa mashine itatoka baada ya kama miezi miwili. Miezi miwili ikaisha. Ikatangazwa miezi miwili mingine. Nayo ikaisha. Ikawa utani kabisa, mtu akiuliza inatoka lini anajibiwa na umati mzima "miezi miwili!", mtu akiuliza chai itakuwa tayari lini, miezi miwili, mke wako anajifungua lini, miezi miwili. Mashine za kwanza kabisa zilianza kutumwa tarehe 21 Mei 2010. Na hizo ni za kwanza, sio zote.

Kwanini? Hapa ndio napenda kukaa kidogo.

Watu wengi wakiona kifaa wanapiga hesabu ya vipuri. Chipu shilingi ngapi, skrini shilingi ngapi, betri ngapi, jumla, ongeza faida kidogo, mbona jamaa wanatupiga! Hesabu hiyo ni sahihi kwa Samsung. Kwa watu wanaotengeneza 4,000 vipuri ni nusu tu ya habari. Chukua kasha la plastiki. Plastiki yenyewe ni senti. Lakini ili litoke lazima kwanza uchonge kalibu ya chuma, lile umbo la kumiminia plastiki, tena sio moja, kuna ya kifuniko cha juu, ya chini, ya bawaba, ya mlango wa betri, ya vitufe. Tuseme kwa mfano tu kalibu zote zimekugharimu dola 60,000. Ukitengeneza mashine milioni moja, kila mnunuzi anabeba senti 6. Ukitengeneza 4,000 kila mnunuzi anabeba dola 15, na bado hujamimina plastiki hata tone. Halafu sampuli ya kwanza inatoka kiwandani China, unaifunga unakuta kifuniko kinagusa pasipotakiwa, kalibu inarudishwa kuchongwa tena, wiki zinakatika, na kiwanda chenyewe hakina haraka na wewe maana wewe ni mteja wa 4,000 na nyuma yako kuna mteja wa laki nane, kwahiyo kila wakipata kazi kubwa wewe unasogezwa pembeni. Kwa Pandora kasha lilisumbua, kibodi ikasumbua, nub zikasumbua, kila kimoja kwa zamu yake. Na mashine yenye kibodi na bawaba na nub ina vitu vingi vinavyosogea, tofauti na simu ambayo ni kioo na mgongo basi.

Vipuri navyo. Anayenunua chipu laki moja anaongea na watu wa mauzo wa Texas Instruments wenyewe, anayenunua elfu nne anaongea na dalali wa dalali. Skrini hivyo hivyo, kuna idadi ya chini lazima uchukue.

Halafu tazama jumla. Mashine 4,000 mara dola 330 ni dola 1,320,000. Kwa mimi na wewe ni hela ya kuhama mji. Kwa kutengeneza kompyuta kutoka sifuri, bodi, kasha, vibali, usafirishaji, ukarabati wa zitakazorudi, ni hela ya kubana bana mpaka senti ya mwisho, na kila kosa linatoka humo humo kwa sababu hakuna mfuko mwingine. Na ile bei ilipangwa 2008 kabla hawajajua gharama halisi, wakaitangaza, watu wakalipa, basi imeshafungwa. Mwaka 2010 unakuja kutengeneza kwa bei uliyoikisia 2008.

Na katikati ya hapo dunia haikutulia. Wakati oda zinafunguliwa pauni moja ya Uingereza ilikuwa karibu dola 1.80. Kabla mwaka haujaisha ikawa chini ya 1.50, maana ndio ule msukosuko wa mabenki. Waliokuwa wamelipa kwa pauni hela yao imesinyaa ikiwa imekaa tu, na vipuri vinauzwa kwa dola. Benki nayo iliyokuwa inapokea malipo ya kadi ikaogopa hizi biashara za kulipia kitu ambacho hakipo, ikawarudishia watu wa kadi hela zao, wakaambiwa walipe upya kwa njia nyingine. Fikiria, upo kwenye foleni, unarudishiwa nauli, unaulizwa bado unasafiri? Wengi walisema tunasafiri. Hata VAT ya Uingereza haikukaa kimya, ilikuwa asilimia 17.5, ikashuka 15 Desemba 2008, ikarudi 17.5 Januari 2010, ikapanda 20 Januari 2011. Mtu aliyelipa siku ya kwanza na akachelewa kupata alishuhudia kodi ikibadilika mara tatu mashine yake ikiwa bado njiani.

Mi naona watu walikosea kuita ile "kununua". Kununua ni unatoa hela unabeba kitu. Ile ilikuwa ni mchezo, huu wa akina mama wa kupeana hela, kila mtu anatoa, kijumbe anakusanya, unapokea zamu yako ikifika. Watu wa mtaani wanaelewa hili vizuri kuliko wale Wazungu waliokuwa wanatukanana kila wiki, kwamba kwenye mchezo huulizi bidhaa, unauliza kijumbe ni nani na nani yuko mbele yangu. Na cha kwanza unachojua ni kwamba ukiwa wa mwisho unawakopesha wote waliokutangulia. Mnunuzi nambari 3,900 wa Pandora alimkopesha nambari 12, bila riba, na nambari 12 ndiye aliyecheza geimu kwanza na kuandika malalamiko kwamba kitufe cha kulia kinakwama.

Baada ya Mei 2010 watu wakadhani sasa yameisha. Hayakuisha. Bodi zilikuwa zinatengenezwa Texas, na nyingi zilitoka na hitilafu. Bodi mbovu kwenye kundi dogo ni msiba, sio kwamba unapoteza bodi tu, chipu na RAM zimebebana humo zimeshachomewa, huzibandui kirahisi, na kila bodi mbovu ni mashine ya mtu fulani ambaye ameshalipa na hela yake imeshatumika. Mwaka 2011 kazi ikahamishiwa Ujerumani, zikaanza kutoka zilizotulia, RAM 512 badala ya 256, baadae likaja toleo la 1 GHz. Bei nayo ikapanda vizuri tu. Na hapo ndio ukaona kile ninachosema, kwamba bei ya kwanza ilikuwa ndogo: waliokuja kununua mpya kwa bei ya juu ndio walioanza kupata haraka, na mauzo yao ndio yakawa yanasaidia kusukuma za wale waliolipa zamani. Waliolipa 2008 walinuna, aliyekuja jana anakula leo mimi nimekaa mlangoni na sahani. Wana haki ya kununa. Ila hesabu haijali nani ananuna, mwenye hela mpya ndiye anayewasha kiwanda.

Na mda wote huo vitu vingine vinatoka. Novemba 2009 Nokia akatoa N900, simu yenye ndugu wa chipu ile ile, RAM 256 vile vile, Linux vile vile. Katikati ya 2010 Samsung akatoa simu ya Galaxy S ya 1 GHz. Mashine iliyokuwa ajabu siku ya kulipia ikawa ya kawaida siku ya kufika, na hii ni bei nyingine ambayo haiandikwi kwenye tangazo.

Yangu niliipata ikiwa mtumba, miaka mingi baadae, kutoka kwa jamaa wa Ujerumani aliyekuwa anapunguza vitu. Imekuja kwa posta. Nafika dirishani nakuta mama mmoja mtu mzima, miwani iko kwenye ncha ya pua, kifurushi kimeshafunguliwa kiko mbele yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Hii nini mwanangu?"

"Kompyuta mama."

Akanitazama. Akakitazama. Akabonyeza kile kitufe cha msalaba kushoto, kulia, juu, chini. "Kompyuta gani ina vitufe vya geimu?"

Swali lake lilikuwa zito kuliko linavyosikika, maana kwenye jedwali la ushuru la pamoja la Afrika Mashariki kompyuta ilikuwa asilimia 0, vifaa vya michezo ya video vilikuwa asilimia 25, halafu VAT ya 18 inakaa juu ya hapo. Kidude kimoja, kikikaa pande mbili tofauti za kaunta kina bei mbili tofauti. Nikaiomba, nikaifungua, ile bawaba ya Pandora inatoa mlio mdogo mkavu ikifika mwisho, nikaiwasha, tukasubiri, ikapanda yale maandishi meupe ya Linux yanayokimbia, mama akasogeza miwani. Nikamfungulia programu ya kuandika barua nikaandika jina langu kwa dole gumba. Akasema haya andika na langu. Nikaliandika. Akaniuliza kama inaprinti. Nikasema ukiipatia printa na programu ya kuiendesha itajaribu mama, ni Linux hii, siahidi. Akacheka, akaandika kwenye karatasi kompyuta iliyotumika, na kusema kweli ndivyo ilivyo, kwa sababu ndani ni kompyuta kamili, ina terminali, ina faili zako, hakuna duka la lazima, na geimu ni moja tu ya kazi zake.

Ukiishika sasa hivi ndio unaelewa hela zilienda wapi. Ina uzito wa gramu mia tatu na kitu, mkononi inajaa. Vitufe vya kibodi ni vidogo vigumu, vinataka kucha kuliko kidole. Nub zimelala usawa wa kasha, ukizigusa zinateleza kama zimepakwa poda halafu zinarudi katikati zenyewe, mpaka leo sijaona simu yenye kitu cha hivyo. Karibu na bawaba yangu kuna ufa mwembamba kama unywele, nimeupaka gundi, sifungui kwa fujo. Programu zake ni faili moja moja zinaishia na .pnd, unaitupa kwenye kadi ya SD inatokea kwenye menyu, huinstoli kitu, ukichomoa kadi imeondoka, safi kuliko hata simu yangu ya sasa.

Na kuna kitu kimoja ambacho hakimo kwenye hesabu ya dola 330 ya mtu yeyote. Kwa ajili ya mashine hii chache, jamaa wa Lithuania anayejulikana kama notaz, ambaye pia alikuwa anashughulikia kernel yake (kile kiini cha Linux kinachoongea na vipuri), aliandika PCSX ReARMed, emuleta ya PlayStation ya kwanza kwa chipu za ARM. Ile kazi haikubaki kwenye Pandora. Iko kwenye RetroArch, programu ya kukusanya emuleta, iko kwenye Raspberry Pi, kile kikompyuta cha bodi moja, iko kwenye hivi vigeimu vya kichina vya mkononi ambavyo watoto wanachezea Tekken 3 leo. Waliokaa kwenye foleni walilipia pia hiyo, bila kujua, na wewe unaicheza bure.

Turudi kwenye bei za leo maana dogo atasema bro hizo hadithi za kale. Yule Mrozek hakuchoka. Akaja na mrithi, Pyra, oda zikaanza Mei 2016, safari hii akiwa amebadilisha mambo mawili ambayo mi naona yalitokana moja kwa moja na maumivu ya kwanza. Moja, hulipi yote mwanzoni, unalipa sehemu, nyingine mzigo ukikaribia. Pili, bei ilianzia karibu euro 500 kabla ya VAT, watu wakapiga kelele balaa, lakini hiyo ndiyo bei ya kweli ya kutengeneza vitu vichache kwa ubora Ulaya. Ndani ina OMAP5, RAM mpaka 4 GB, Linux ya Debian, skrini inchi 5, na bodi imegawanywa vipande, prosesa iko kwenye kipande chake ili siku moja ubadilishe bila kutupa mashine. Na bado kusubiri kukawepo! Zilianza kuwafikia wateja mwishoni mwa 2020. Texas Instruments ilishatangaza toka 2012 kwamba inajitoa kwenye chipu za simu na tableti, kwahiyo mashine ikawa inajengwa juu ya familia ya chipu ambayo mwenyewe ameshaipa mgongo. Ukiwa mdogo huchagui chipu mpya kabisa, unachagua ile ambayo mtengenezaji wake anakubali kukuuzia chache na kukupa nyaraka zake. Zenye sifa hizo mara nyingi zimeshazeeka kidogo.

Halafu linganisha na Steam Deck, nayo ni kompyuta ya Linux ya mkononi, watu wanasema mbona ile ilianzia dola 399? Valve, kampuni yake, ilitangaza Julai 2021, kukaa kwenye foleni ulikuwa unaweka dola 5 tu. Dola 5, bana. Na walipochelewa, kutoka Desemba 2021 mpaka Februari 2022, walichelewa kwa muda gani? Miezi miwili. Nilicheka peke yangu kwenye daladala mpaka jirani akahama siti. Ila Valve ana duka la geimu la Steam, kila geimu inayouzwa humo kwa kawaida anakata asilimia 30, kwahiyo mashine hata ikimpa faida nyembamba yeye atakula mbele ya safari. Jamaa wa Pandora na Pyra programu zake ni bure, ni za watu, hakuna duka la kumlisha, faida yake yote lazima ikae kwenye ile bei ya mashine, na kama haipo pale basi haipo popote. Ndio maana ukiona mashine ya kundi dogo ina bei ya kufurahisha, usifurahi. Jiulize wamekata wapi. Mara nyingi wamekata kwenye akiba ya makosa, na makosa yatakuja tu, halafu utayalipia kwa kalenda.

Na Steam Deck yenyewe Valve haiuzi rasmi huku kwetu, za hapa zinapitia mikononi mwa watu na kila mkono unaongeza chake.

Kwahiyo kwa hiki cha kwenye picha ya dogo, mi ningeangalia vitu hivi kabla ya kushangaa bei. Kalibu zimeshachongwa au bado wanaonyesha mchoro wa kompyuta unaong'aa? Kuna mtu asiye wa kampuni ameshaishika akairekodi video? Wanataka hela yote au sehemu? Betri ni ya kawaida inayopatikana kokote au ni umbo lao wenyewe, maana betri haisafiri kirahisi kwa ndege na ikifa baada ya miaka mitatu utakuwa na kigingi cha kuzuia mlango cha laki saba. Kernel yake imeingia kwenye Linux kuu au ni yao pekee imegandishwa? Wakijibu vizuri hayo, ile bei ninaiona ya kawaida, hata ningeongeza kidogo. Wasipojibu, hata ikiwa nusu yake bado ni mkopo unaompa mtu usiyemjua bila kijumbe.

Mimi binafsi nitasubiri kundi la kwanza lipokee, lilalamike, lichoke, waanze kuuza. Mtumba wa hivi vitu haushuki bei kama simu kwa sababu hakuna anayetengeneza zaidi, kwahiyo punguzo halitakuwa kubwa, labda nauli ya posta tu. Lakini itakuwa imeshatengenezwa.